Wanakuja kwa Magoti

Kadi za akina mama wazee wanaoletwa kwenye chumba chetu cha mazoezi zinafanana. Magoti. Kiuno. Bega lililokakamaa. Kiharusi, upande wa kushoto. Nimefanya kazi ya fiziotherapia huku Tanga muda wa kutosha kujua kwamba kadi ya mwanamke aliyevuka miaka 60 mara nyingi imebeba nusu tu ya shida yake. Nusu ya pili utaiona ukimwomba ainuke kwenye kiti bila kushikilia. Anasita. Anabana mapaja kwanza. Anaweka sawa khanga, anatazama mlango, kisha anasema goti linauma. Goti linauma kweli, sikatai. Ila si goti linalomfanya atazame mlango.

Basi nasogeza kiti changu karibu na kuuliza kwa sauti ya chini: "Bibi, ukikohoa au ukiinuka, haja ndogo huwa inakuponyoka?"

Wapo wanaocheka. Wapo wanaokasirika kidogo, maana mimi kwao ni sawa na mjukuu, na mjukuu haulizi mambo hayo. Wengi hunyamaza kwanza, halafu linatoka: "Si uzee huo, mwanangu? Dawa yake nini?" Ukitulia ukasikiliza, unakuta maisha mazima yamepangwa kukizunguka choo. Huyu ameacha kwenda misiba ya mbali kwa sababu ya basi. Yule hukaa jamvi la nyuma kabisa, jirani na mlango, na kuondoka kabla dua haijamalizika. Mwingine hagusi maji tangu alasiri. Yupo aliyezikata khanga zake nzuri, za harusi za wanawe, akazifanya vitambaa, kwa kuwa pampasi za watu wazima ni ghali na kumtuma mjukuu dukani kuzinunua ni fedheha nyingine.

Mkojo kumtoka mwanamke mzee ni jambo lenye tiba, tiba ya kwanza ni mazoezi, na pa kuipatia ni chumba hikihiki alicholetwa kwa ajili ya goti. Lakini sisi hatuulizi, naye hasemi, na hivyo anarudi nyumbani na mafuta ya kuchua.

Kuna jambo linalotuchanganya, na ni vizuri nilitaje mapema. Ukizungumza Afrika Mashariki kuhusu mwanamke anayevuja mkojo, watu hufikiria fistula papo hapo. Wana haki. Fistula imepiganiwa. Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, tarehe 23 Mei. Addis Ababa ipo hospitali nzima kwa ajili yake, iliyoanzishwa na Reginald na Catherine Hamlin mwaka 1974. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewafanyia upasuaji wanawake wenye fistula bila malipo, na hata imewatumia nauli kwa M-Pesa ili wafike. Aliyewaza nauli alikuwa ameielewa shida ya mwanamke wa kijijini kuliko wengi wetu tuliosomea.

Fistula ni tundu. Mara nyingi hutokana na uchungu uliokaa muda mrefu bila msaada, na mkojo hupita hapo usiku na mchana, mama akiwa amelala au ameketi. Mazoezi hayazibi tundu; hilo ni la mpasuaji. Bibi ninayemsema mimi hana tundu. Yeye hupata matone akicheka, akipiga chafya, akinyanyua ndoo. Au anabanwa ghafla na kushindwa kuwahi. Au yote mawili. Kwa kuwa si fistula, hana kampeni, hana siku, na hakuna anayemtumia nauli. Zaidi ya hapo, amesikia redioni habari za fistula, sasa anaogopa kwamba akifungua mdomo atapelekwa kupasuliwa. Ananyamaza mara mbili.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo vyote vimeilalia. Aliyewahi kulala kitanda cha kamba anajua mambo yake: kamba zikilegea, katikati panabonyea, na kila kilicho juu kinafuata. Uzazi huilegeza misuli hiyo. Hedhi ikishakoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupungua na utando wa njia ya mkojo hukonda. Halafu yanakuja mambo ambayo watu hawayahusishi kabisa na kibofu: miaka ya kufunga choo na kujikamua, kikohozi kisichoisha, uzito, kisukari, madumu ya maji. Hata vidonge vimo. Dawa za presha zinazokojoza hujaza kibofu haraka, na baadhi ya nyingine, kama captopril na enalapril, huwapa watu wengine kikohozi kikavu cha muda mrefu. Mama akipewa aina zote mbili, kibofu kimejaa na kikohozi kipo. Unamlaumu kwa lipi?

Kamba hukazwa, na misuli pia hukazwa hata kwa mtu wa miaka 75. Daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliliandika hilo mwaka 1948, na tangu hapo limepimwa kila upande. Mwaka 1999 Kari Bø na wenzake wa Norway waliyalinganisha mazoezi haya na umeme wa kusisimua misuli, na vizito vidogo vya kuwekwa ukeni, na kutofanya chochote; mazoezi yakaongoza. Mwaka 2018 yakatoka mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya tafiti 31 zenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14. Miongoni mwa wale ambao mkojo uliwatoka wakikohoa au wakinyanyua kitu, 56 kati ya kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona, wakati kwa wasioyafanya walikuwa 6. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu huduma za wazee, limeyataja mazoezi haya waziwazi kwa wanawake wazee, pamoja na mbinu za kukizoeza kibofu. Si jambo la hospitali za kitajiri. Halihitaji mashine. Chumba, mkeka, mtu anayejua, na miezi mitatu.

Sasa chukua simu uandike "Kegel" kwa Kiswahili uone. Ukurasa baada ya ukurasa unakufundisha kumbana mume. Sina ugomvi na ndoa za watu, lakini bibi wa miaka 70 akitumiwa kitu kama hicho na binti yake kwenye WhatsApp, atakifuta na hatarudi tena kwenye mada. Na hata akivumilia akasoma, kusoma hakutoshi. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake, Marekani, waliwapa wanawake 47 maelezo mafupi ya mdomo tu, kisha wakawapima wakifanya. Waliopatia vizuri hawakufika nusu. Robo yao walifanya kwa namna ambayo ingeweza hata kuzidisha tatizo. Ninaliamini hilo kwa macho yangu. Mwambie mtu "kaza huko chini," ataziba pumzi, atakaza makalio, atakunja uso, atasukuma kama yuko leba. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa misuli tuliyoitaka.

Ndiyo maana ninang'ang'ania kwamba haya ni mazoezi ya kufundishwa, mtu na mwalimu wake. Mimi huanza na maneno. "Bibi, upo kwenye kikao cha wakwe, umezungukwa na watu wazima, na upepo unataka kutoka. Utafanyaje?" Hapo kicheko hakikosi, na kicheko chenyewe kinafungua njia, maana aliyezuia upepo mbele ya wakwe anaijua misuli hiyo vizuri kuliko kitabu changu. Anza nyuma, nasema, lete mbele kama unazuia mkojo, kisha ivute juu, ndani. Pumua. Zungumza nami huku umekaza. Ukishindwa kuzungumza, umeziba pumzi. Legeza kabisa. Kulegeza ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu ambayo wengi huiruka.

Kipimo kilicho sahihi zaidi ni cha kidole: mtaalamu huvaa glavu, anaingiza kidole ukeni, na kuhisi misuli ikibana na kuinuka. Hapa lazima nieleze bila kuzungukazunguka, kwa sababu hofu ya kipimo hiki imewafukuza wengi. Hakifanywi bila ridhaa. Kinafanywa na mwanamke mwenzako ukitaka hivyo, nyuma ya pazia, ukiwa umefunikwa, na unaweza kusimamisha wakati wowote. Ukikataa, hufukuzwi. Wapo ambao tangu wafiwe na waume zao hawajaguswa huko na hawataki kuguswa, nawaheshimu. Kwao hukunja kitambaa kizito, nakiweka kwenye kiti kigumu, akae juu yake kama aliyepanda farasi, ahisi mahali panapoinuka akikaza na kutua akilegeza. Si sawa na kidole, lakini kinafundisha.

Baada ya hapo ni kazi. Wengine huanza wamelala kwa sababu mlalo unaiondolea misuli mzigo, wakishika kwa sekunde tatu tu, tunapandisha polepole hadi kumi. Mwongozo wa Uingereza, wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unasema angalau mibano minane mara tatu kwa siku, chini ya usimamizi, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Miezi mitatu ndiyo inayowakatisha tamaa watu, maana mgonjwa wa kwetu amezoea sindano. Bibi akifanya wiki mbili bila kuona tofauti huhesabu amedanganywa. Hivyo nayafunga mazoezi kwenye kitu ambacho tayari anakifanya. Mwislamu ana vipindi vitano vya swala, anachagua vitatu. Mkristo anayesali rozari hufanya kabla ya kuanza. Asiye na ratiba ya ibada ana taarifa ya habari. Nisichotaka ni afanye zoezi kwa kukatakata mkojo kila anapokwenda chooni. Mazoea hayo yanakivuruga kibofu, hakimalizi kazi yake.

Lipo moja lisilosubiri miezi mitatu, nami nalipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1998 Janis Miller na wenzake wa Michigan, Marekani, waliwafundisha wanawake wazee, wastani wa umri miaka 68, wenye tatizo lisilo kubwa sana, jambo moja: kaza kabla hujakohoa. Si wakati wa kukohoa, kabla. Baada ya wiki moja, kuvuja kwa kikohozi cha kawaida kulikuwa kumepungua kwa wastani wa asilimia 98, na kwa kikohozi kizito asilimia 73. Wiki moja! Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa bibi haondoki kwangu bila kujifunza hilo. Kaza, kohoa. Kaza, inuka. Kaza, nyanyua dumu. Akirudi safari ya pili ameshaona kitu, na mtu aliyeona kitu hurudi ya tatu.

Wanaobanwa ghafla ni habari tofauti. Kibofu chao hujikunja kabla hakijajaa, na kila jambo hukichokoza: sauti ya maji yakimiminwa kwenye ndoo, kufika mlangoni, baridi ya alfajiri. Hawa huwa na desturi ya kukimbia, na kukimbia ndiko kunakowaangusha, kwa maana zote mbili. Ninawafundisha kusimama. Simama au kaa, kaza harakaharaka mara kadhaa, pumua, subiri wimbi lipite, ndipo utembee. Pia tunaandika kwa siku tatu: amekunywa nini, amekwenda saa ngapi, umemtoka wapi. Asiyejua kuandika huwekewa alama na mjukuu. Kisha tunaurefusha muda kati ya safari moja na nyingine, dakika chache kila wiki, hadi aweze kukaa saa tatu hivi kwa utulivu.

Na maji anywe. Kila mmoja wao ameacha maji, na ninaelewa, lakini mkojo mzito hukisumbua kibofu zaidi, na choo kikifunga anajikamua upya. Cha kupunguza ni chai ya rangi na kahawa, hasa za jioni. Ugomvi wangu mkubwa na akina mama wa Tanga uko hapa, na siushindi kila mara.

Mengine si ya kibofu hata kidogo. Choo kiko uani, hatua thelathini gizani, ngazi mbili, tundu la kuchuchumaa, na magoti hayachuchumai. Misuli ya nyonga ingekuwa ya chuma, mzee huyo bado angechelewa. Kwa hiyo tunafanya kazi ya mapaja, kuinuka kitini mara kwa mara, kutembea, mizani ya mwili. Familia inaambiwa iweke taa, kiti chenye tundu, au ndoo yenye mfuniko chumbani usiku. Watoto wengine huona ndoo ni kumdhalilisha mama. Mama kuvunjika nyonga saa nane usiku je? Kwa aliyeanza kusahau, mazoezi hayashiki sana. Yeye hukumbushwa chooni kwa saa maalumu, kwa upole, bila kupigiwa kelele mbele ya wageni.

Nirudi kwenye swala, kwani huku pwani ndiyo inayowaumiza zaidi ya nguo kulowa. Mama aliyeswali maisha yake yote anaanza kujiona yeye ni najisi. Anakaza kwenye kusujudu, akiinuka unamtoka, udhu umekatika, anarudi bombani, anaanza tena. Mwishowe anaswali peke yake chumbani na kuacha kabisa tarawehe. Mimi si shehe. Lakini nimewaona wanaofarijika walipomuuliza shehe na kuelezwa kwamba mwenye udhuru wa mkojo usiokatika ana njia yake: kwa madhehebu ya Shafii, iliyoenea pwani yetu, hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati wa swala ya faradhi unapoingia, na kuswali bila kuchelewa, hata kama kitamtoka kitu. Ningependa kila msikiti utumie darsa moja ya akina mama kulisema hili, halafu mtu wa fizio apewe dakika ishirini baada yake. Shehe aondoe hatia, sisi tushughulike na misuli.

Hilo la darsa linanileta kwenye vikundi. Chumba chetu ni kimoja na pazia ni moja, na upande wa pili yupo mzee wa kiume anajifunza kutembea upya. Kumhudumia kila bibi peke yake saa nzima kwa wiki kumi na mbili hakuwezekani, watumishi hatutoshi. Nilidhani kikundi ni njia ya maskini hadi nilipousoma utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020, ulioongozwa na Chantale Dumoulin wa Montreal. Walichukua wanawake 362 wa miaka 60 na kuendelea. Nusu walifundishwa mmojammoja, nusu katika vikundi vya watu wanane, saa moja kwa wiki, wiki 12. Wote walipimwa kwanza faraghani na kufundishwa kukaza sawasawa. Mwaka mmoja baadaye, kuvuja kwa waliofundishwa peke yao kulikuwa kumepungua kwa asilimia 70, na kwa wa vikundi asilimia 74. Kikundi hakikupitwa.

Na kama kuna kitu wanawake wa kwetu hawahitaji kufundishwa, ni kukaa kikundi. Wana vikoba, wana upatu, wana jumuiya, wana madrasa ya watu wazima. Mtu asiyetokea Alhamisi anafuatwa nyumbani kwake. Sisi tumeanza na kikundi kidogo mchana, wateja wa kiume wakishaondoka. Kinaitwa cha mazoezi ya kiuno na magoti, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana akiingia kwenye kikundi cha mkojo, na sioni haja ya kumlazimisha. Mlango ukishafungwa, mwenye shughuli ni wao. Mmoja anamwambia mwenzake, "Mie leo nimecheka msibani, Allah anisamehe, na nimebaki mkavu." Mimi nahesabu sekunde.

Binti unayesoma haya kwa niaba ya mama au shangazi, kwanza angalia yasiyofaa kusubiri mazoezi. Damu kwenye mkojo, maumivu na homa, mkojo unaochuruzika muda wote, nyama inayojitokeza ukeni, kutoweza kukojoa kabisa, au miguu iliyokufa ganzi ghafla: hayo ni ya daktari, na upesi. Mkojo upimwe maambukizi na sukari pia ipimwe, kwa sababu yote mawili huweza kujifanya uzee. Baada ya hapo omba rufaa ya fiziotherapia na utaje sababu yenyewe, na uulize kama yupo mtaalamu wa kike aliyejifunza misuli ya nyonga. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike nyumbani. Mama avae nguo pana iliyo rahisi kuvua, abebe na ya kubadilisha.

Na dawa zake zote ziingie kwenye mfuko mmoja, hata zile za kienyeji, hata zile alizoazimwa na jirani. Usimwachishe kidonge chochote kwa sababu ya haya niliyoandika. Mwulize daktari mambo mawili: kama ile inayokojoza inaweza kunywewa asubuhi badala ya jioni, na kama kile kikohozi kimeanza baada ya kuanza dawa ya presha.